Ushenga wa Riwaya za Mapenzi

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki haikuwa desturi kijana mwenye nia ya kuoa kwenda mwenyewe kubisha hodi kwa wazazi wa binti. Alitumwa mshenga, mtu mzima mwenye ulimi mzuri na jina jema, akaenda kusema kwa niaba yake. Kazi ya mshenga ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja alitakiwa kumsifu aliyemtuma kwa sifa alizokuwa nazo kweli. Upande wa pili, alipoulizwa juu ya aibu za mposaji, hakuwa na ruhusa ya kuzifunika. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, alipohesabu mahali ambapo kutaja aibu ya mtu si gheba iliyokatazwa, alimtia katika hesabu hiyo mtu anayeombwa shauri juu ya ndoa. Ulimi ambao kila siku huamrishwa kusitiri, hapo huamrishwa kusema, kwa kuwa kimya chake chaweza kumtia mtu mwingine katika nyumba asiyoijua.

Upo ushenga mwingine ambao haukuandikiwa sheria wala haukuwekewa desturi. Ni ule wa mtu aliyesoma riwaya ya mapenzi, ikampendeza, akamwendea mwenziwe akamwambia, "Soma hii." Maneno mawili hayo husemwa kila siku katika maktaba, madukani na vyumbani mwa wanafunzi, na aghalabu hayafikiriwi. Walakini yana uzito. Anayeyasema humwombea mtu asiyekuwapo, yaani mwandishi, aingie katika moyo wa mtu aliyepo. Na riwaya ya mapenzi, kuliko vitabu vingi vingine, huingia moyoni kwa mlango ule ule wanaoingilia wapenzi. Basi swali ni hili: mtu anayependekeza riwaya ya mapenzi ana wajibu gani kwa yule anayelipokea pendekezo lake?

Majibu mawili husikika mara nyingi, na kila moja lina watu wake. La kwanza ni kwamba hana wajibu wowote, maana riwaya za namna hiyo ni burudani, na burudani haihojiwi. La pili ni kwamba wajibu wake ni kukataza, maana riwaya hizo hupotosha vijana. Majibu haya hugombana, lakini ni ndugu: yote mawili humwondolea mpendekezaji kazi ya kusema kweli juu ya kitabu kimoja kimoja. Asemaye kwamba zote ni burudani hahitaji kuzisoma kwa makini. Asemaye kwamba zote ni sumu hahitaji kuzisoma kabisa.

Yafaa kwanza kuijua bidhaa yenyewe. Jumba la uchapaji la Mills & Boon lilianzishwa London mwaka 1908, na lile la Harlequin lilianzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949; mwaka 1971 la pili lililinunua la kwanza. Leo biashara ya riwaya za mapenzi kwa Kiingereza ni kama soko kubwa lenye safu zake. Iko safu ya maisha ya sasa, ambamo wapenzi hukutana kazini, jirani, au katika arusi za watu. Iko safu ya michezo, ambamo mmoja wao ni mchezaji. Iko na safu ya mambo ya ghaibu, yenye wachawi, wanyonya damu, na watu wanaogeuka wanyama. Safu zote zina masharti mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa matumaini.

Sharti la pili ndilo lililozaa shutuma kubwa. Husemwa kwamba kitabu kinachoahidi furaha tangu jalada lake humdanganya msomaji, kwa kuwa dunia haimpi mtu yeyote ahadi hiyo. Shutuma hii ina nguvu, ila hupiga pasipo shabaha. Mdanganywa ni mtu asiyejua, na msomaji wa riwaya hizi anajua. Mtoto anayesikiliza hekaya ya bibi yake hujua tangu mwanzo kwamba watu wataishi raha mustarehe, wala hadanganyiki kwa hilo; anachosikiliza ni njia. Njia ndiyo iwezayo kudanganya. Riwaya ikisema kwamba wawili waliifikia furaha kwa kuombana msamaha, imesema jambo linaloweza kupimwa kwa maisha. Ikisema kwamba waliifikia kwa sababu mwanamume alikuwa mkali, tajiri na mwenye wivu, na kwamba wivu ule ulikuwa alama ya mapenzi, hilo nalo laweza kupimwa, na matokeo ya kipimo hicho huonekana mahakamani na hospitalini. Kwa hiyo mpendekezaji mwaminifu hatosheki kujua kitabu kimeishia wapi. Huuliza kimepitia wapi.

Katika safu ya maisha ya sasa yastahili kutajwa Before I Let Go ya Kennedy Ryan, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2022. Yasmen na Josiah wa mji wa Atlanta walikuwa mume na mke. Walifiwa, wakahuzunika, wakaachana, lakini bado hulea watoto wawili pamoja na kuendesha mkahawa mmoja. Hadithi huanza mahali ambapo hadithi nyingi za mapenzi hazifiki, yaani baada ya talaka. Sifa yake ni kwamba huzuni ya Yasmen huitwa kwa jina lake, maradhi, na maradhi hayo hayaponyeshwi kwa busu. Huhitaji mshauri, muda, na maneno magumu. Walakini msomaji aliyefiwa na mtoto atakutana humo na mtoto aliyezaliwa akiwa amekwisha kufa, na ikiwa hakuambiwa atakutana naye bila kujiandaa. Tena mambo ya chumbani yameelezwa waziwazi. Mshenga mwema huyasema yote matatu, kisha hunyamaza.

Katika safu ya michezo iko riwaya nyingine ya mwandishi huyo huyo, Long Shot, ya mwaka 2018. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya RITA, iliyotolewa na chama cha waandishi wa mapenzi wa Marekani, na mwandishi wake akawa miongoni mwa waandishi weusi wa kwanza kuipata. Riwaya za michezo aghalabu humfanya bingwa wa uwanjani kuwa bingwa wa moyoni, kana kwamba misuli na ushindi ni ushahidi wa tabia. Hii huuvunja ushahidi huo. August ni mchezaji wa mpira wa kikapu. Iris, anayempenda, amenaswa katika mikono ya mchezaji mwingine, Caleb, ambaye umma humshangilia na ambaye nyumbani ni mpigaji. Msomaji huonyeshwa jinsi sifa za mtu hadharani ziwezavyo kuwa kuta za gereza la mtu mwingine faraghani. Hilo ni somo kubwa. Lakini kipigo na ubakaji vimo ndani ya kurasa zake, wala havikufichwa. Na mtu aliyeomba hadithi nyepesi ya mchezaji na mpenzi wake atakuwa amepewa kitu asichokiomba.

Katika safu ya ghaibu iko The Ex Hex ya Erin Sterling, ya mwaka 2021. Vivi, msichana mwenye asili ya uchawi, ameumizwa moyo na kijana aitwaye Rhys. Kwa mzaha na uchungu anamlaani mbele ya mshumaa, asidhani laana itashika. Baada ya miaka tisa Rhys anarudi katika mji ule mdogo wa Georgia, na laana imeshika. Chini ya vichekesho limo swali la kweli: je, mtu hujibu kwa neno alilolisema bila kulikusudia? Jibu la kitabu ni kwamba hujibu, na kwamba kulitengua ni kazi ya wote wawili. Lakini uchawi humo ni mchezo wa vuli na mishumaa. Katika Usukuma na katika Kisii wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Msomaji aliyemzika bibi yake kwa shutuma hiyo huenda asicheke wanapocheka wengine, na anayempa kitabu hiki yampasa kujua hivyo.

Riwaya ya ghaibu iliyosomwa kwa wingi kupita nyingi katika karne hii, Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, huonyesha hatari nyingine. Edward, mnyonya damu aliyezaliwa mwaka 1901, humpenda Bella, msichana wa miaka 17. Huingia chumbani mwake usiku na kumtazama amelala kabla binti hajajua. Kijana wa kawaida akifanya hivyo, majirani watapiga yowe la mwizi; akifanya kiumbe wa ghaibu, msomaji hupumua kwa raha. Kitabu hiki kina sifa yake pia, nayo ni picha ya kiumbe anayeishinda kiu yake kwa hiari, siku baada ya siku, kwa ajili ya uhai wa mwingine. Haki ni kutaja vyote viwili. Anayekisifu bila kutaja dirisha lile amekuwa mshenga wa uwongo. Anayekilaani bila kutaja subira ile amekuwa shahidi wa nusu.

Wapo watakaosema kwamba hatari zikiwa nyingi namna hii, dawa ni kuzuia. Mwaka 2007 mjini Kano, kaskazini ya Nigeria, ambako hadithi za mapenzi za Kihausa huandikwa kwa wingi, na wanawake wengi wamo katika waandishi wake, gavana alisimamia kuchomwa kwa vitabu vya namna hiyo katika shule ya wasichana. Nchini Tanzania, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda mashuleni. Ajabu ni kwamba riwaya hiyo yenyewe husimulia habari ya makatazo. Zakaria humpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, wala hamfundishi lolote juu ya wanaume. Binti anapotoka chini ya mkono huo hana elimu ya kumlinda, naye huangamia. Waliokizuia kitabu walifanya kwa wasomaji yale aliyofanya Zakaria kwa Rosa. Aliyekatazwa kusoma habari za mapenzi hakukatazwa kupenda. Ameachwa apende bila kusikia ya waliotangulia.

Na wapo wa upande wa pili, wasemao kwamba riwaya si mume. Mume mbaya haachwi kwa wepesi, na kitabu kibaya hufungwa kwa mkono mmoja. Ushenga wa kitabu basi waweza kuwa mwepesi kama kitabu chenyewe. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake. Mpendekezaji hana mzigo wote wa mshenga, na ndiyo maana hana haki ya kuwa mlinzi wa mlango. Lakini kufunga kitabu hakufuti kilichokwisha kusomwa. Mwanafunzi wa miaka 18 aliyesoma riwaya ishirini ambamo ukali wa mwanamume ni kiu ya mapenzi, hakupata hasara kwa moja ya riwaya hizo. Hasara, ikiwapo, ni ya hesabu yote, na hesabu ile ilijazwa na mikono ya watu waliosema, "Soma hii," bila kuongeza neno.

Husemwa tena kwamba kutaja aibu za kitabu ni kuuharibu utamu wake. Mshenga hakuulizwa yatakayosemwa usiku wa arusi. Aliulizwa hali ya nyumba: je, mwanamume ana mke mwingine, je, hulewa, je, ana deni? Hali kadhalika msomaji hahitaji kusimuliwa visa. Yatosha aambiwe kwamba humo mna kifo cha mtoto, au kipigo, au mapenzi yaliyoelezwa bila pazia. Mwanamke aliyetoka katika ndoa ya vipigo aweza kuikimbia Long Shot, naye ana haki. Aweza pia kuitafuta kwa sababu hiyo hiyo, ili aone mtu mwingine akitoka. Mpendekezaji hawezi kujua lipi litakuwa, na kujifanya anajua ni kiburi. Akimwambia, amemrudishia uamuzi mwenye jeraha. Akinyamaza, ameamua kwa niaba yake pasipo kuulizwa.

Ushenga huu, basi, una masharti machache. Mtu asipendekeze asichokisoma. Asifu kwa kutaja sifa yenyewe, si kwa kupiga makofi. Ataje aibu kabla ya kuulizwa, maana msomaji hajui la kuuliza. Amtazame anayemwambia, ajue kwamba kitabu kilichomfaa yeye alipokuwa na furaha chaweza kutomfaa mwenziwe aliye katika msiba. Baada ya hapo aondoke mlangoni. Mshenga aliyefanya kazi yake vema haingii ndani na maarusi. Hurudi kwake, na yatakayotokea katika nyumba ile ni ya wenyewe.