Ziliingia, Lakini Hazikuwa Zake

Gari lilikuwa Toyota Probox, injini 1NZ-FE ya lita 1.5. Mwenyewe ni jirani yangu, kijana mchapakazi, na ameniruhusu kusimulia yaliyompata mradi nisimtaje jina. Kazi yake ni kuchukua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvipeleka Iringa mjini, kwa hiyo kila safari yenye mzigo ni safari ya kupanda Kitonga. Anayeijua barabara ile anajua shida yake: kona juu ya kona, malori yametangulia yakijikokota, nawe nyuma yao kwa gia ndogo, injini inalia na upepo wa kuipooza rejeta haupo.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu jirani yangu hakufanya jambo la kipumbavu. Alifanya ambalo mimi au wewe tungelifanya kwa nia njema kabisa, tukiamini tunalitunza gari.

Plagi zake zilikuwa zimechoka. Dereva mwenzake akamshauri: "Wewe unapanda mlima na mzigo, ndugu yangu. Tafuta plagi za baridi kidogo." Ushauri huo si uzushi. Plagi hutofautiana kwa namna zinavyotoa joto. Kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati ikiwa ndefu, joto huchukua muda kutoka, na hiyo huitwa plagi ya moto. Ikiwa fupi, joto hukimbilia haraka kwenye silinda hedi na kuchukuliwa na maji, na hiyo ndiyo ya baridi. Wengi wetu hudhani plagi ya moto hutoa cheche kali zaidi. Sivyo. Cheche hutoka kwenye koili, inayopandisha volti 12 za betri hadi zaidi ya volti 20,000. Moto na baridi ni habari ya ncha ya plagi kukaa kwenye joto lake tu. Ikikaa chini ya takriban nyuzi 450 za Selsiasi, masizi huganda juu yake na gari huanza kumisi. Ikivuka nyuzi 800 na kuendelea, ncha yenyewe inageuka kaa la moto na kuwasha petroli kabla cheche haijaitwa. Hapo pistoni bado inapanda, na mlipuko unaikuta njiani.

Lakini Toyota hawakuiacha injini hiyo bila maelekezo. Walishaipangia plagi: NGK BKR5EYA-11, au Denso K16R-U11. Ile 5 ya NGK na ile 16 ya Denso ni kipimo kilekile cha joto kwa lugha ya kampuni mbili, na 11 ya mwishoni ni mwanya wa milimita 1.1. Waliochagua namba hizo walijua kuwa magari hupanda milima na hubeba mizigo. Kwa gari ambalo halijaongezwa nguvu, hapakuwa na sababu ya kusogea hata hatua moja. Mimi hapa ndipo ninapoliona kosa la kwanza, ingawa jirani yangu bado analibishia.

Kosa la pili lilifanyika dukani. Alikwenda na wazo moja kichwani, kwamba namba kubwa ndiyo baridi. Kwa NGK ni kweli: 6 ni baridi kuliko 5. Kwa Denso ni kweli pia: 20 ni baridi kuliko 16. Kwa Bosch na Champion mambo yamegeuzwa, namba ikipanda plagi inazidi kuwa ya moto. Siku hiyo dukani hapakuwa na za Kijapani. Muuzaji akaweka mezani boksi za kampuni nyingine, ya hesabu hiyo ya kinyume.

"Kaka, nataka za baridi, napanda Kitonga."

"Chukua hizi, namba yake kubwa. Na kwenye Probox zinaingia, wala usihofu."

Zinaingia! Neno hili limetugharimu wengi. Plagi kuingia maana yake ni kwamba kipenyo cha nyuzi ni kile cha milimita 14 na spana ya 16 inaikamata. Haisemi lolote kuhusu joto. Haisemi kama ina rezista ndani, ile inayoonyeshwa na herufi R, ambayo bila hiyo redio hukoroma na kompyuta ya gari huweza kuvurugwa. Hata urefu wa nyuzi haisemi: fupi mno huacha nyuzi za hedi wazi zikijaa kaboni, ndefu mno huweza kugongwa na pistoni. Jirani yangu alibahatika kwa urefu. Kwa joto hakubahatika. Alitaka baridi, akanunua moto.

Sasa tazama jinsi alivyoonywa. Kwanza na mtoto wa gereji. Yule msaidizi wa fundi alishika plagi ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine, akasema, "Bosi, hii pua yake mbona ndefu?" Pua ndiyo kauri yenyewe. Aliona kwa macho kile ambacho namba ilikificha. Fundi akamjibu kila kampuni ina mtindo wake, funga tuondoke. Naomba wenye magari na mafundi tulichukue hili kwa uzito: anayejifunza kazi huuliza kwa sababu bado anatazama.

Onyo la pili lilikuja mlimani. Akikanyaga mafuta kwenye mwinuko, injini ikawa inagonga, sauti kavu kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Akalaumu petroli, akahama kituo. Kwa siku kadhaa akaona kama imepungua, na hilo likamdanganya zaidi. Injini ya 1NZ-FE ina sensa inayosikiliza mlio huo na kuchelewesha cheche ili kuutuliza. Kwa hiyo kelele hupungua na nguvu hupungua pamoja nayo. Gari lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu likaanza kudai ya pili, akasema ni uzee. Ila sensa hiyo inaamuru cheche tu. Petroli ikishaanza kuwashwa na ncha iliyoiva, kuchelewesha cheche hakuzuii kitu.

La tatu ndilo linaloniuma. Gari lilipoanza kumisi alirudi gereji, plagi zikafunguliwa. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye kauri. Nyeusi ya masizi ina maana mafuta yamezidi au plagi ni ya baridi mno. Za kwake zilikuwa nyeupe pe, na ya silinda ya tatu ilikuwa na vitone vidogo vya kung'aa vilivyogandia kauri. Vitone vile vilikuwa aluminiamu, na aluminiamu hiyo ilikuwa imetoka kwenye pistoni. Gari lilikuwa tayari linajitapika vipande vipande, na ushahidi ulikuwa mkononi mwa fundi, mchana kweupe.

Fundi akachukua brashi ya waya, akazisugua zikatakata, akazirudisha.

Simlaumu peke yake. Tumezoea kuifanya plagi kama sufuria, ikichafuka isuguliwe. Ilhali brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri, na umeme hupata njia ya kutorokea. Mbaya zaidi, ukisugua umefuta taarifa. Laiti zingepangwa mezani kwa mpangilio wa silinda, moja hadi nne, na mtu akazitazama kwa dakika mbili, gharama ingeishia kwenye plagi nne nyingine.

Haikuishia hapo. Safari chache baadaye, katikati ya Kitonga, nguvu ilikata, moshi ukajaa nyuma, na alipofungua boneti akakuta oili imetapakaa kila mahali. Kipimo cha mgandamizo kilisoma vizuri kwenye silinda tatu. Kwenye ile ya tatu mshale haukuinuka. Pistoni ilikuwa imetoboka katikati. Akanunua injini iliyotumika kutoka Japani kwa fedha alizokuwa akizichanga kwa jambo jingine kabisa. Imefungwa BKR5EYA-11 na haijawahi kugonga, kwa mzigo uleule na mlima uleule.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua plagi usiende na neno "baridi" wala "moto". Nenda na maandishi yote yaliyo kwenye plagi, herufi kwa herufi. Usitegemee iliyo ndani ya gari, maana huenda mwenye gari wa kabla yako naye aliambiwa zinaingia. Tafuta kitabu cha gari. Magari mengi tunayoyapata yamekuja na vitabu vya Kijapani, lakini namba za plagi humo huandikwa kwa herufi hizihizi tunazosoma sisi. Kitabu kikiwa kimepotea, tumia namba ya injini, siyo jina la gari, kwa kuwa Probox zenyewe zilitoka na injini zaidi ya moja. Na kama mtengenezaji alipanga iridiamu, usiweke ya nikeli ukatarajia idumu sawasawa: nyingi za iridiamu hufika kilomita 100,000, na ya nikeli haifiki popote karibu na hapo.

Ukilazimika kuhama kampuni, muombe muuzaji jedwali la kulinganisha la kampuni hiyo, na usikubali kukisia kwa ukubwa wa namba. Asipokuwa nalo, subiri. Iringa si kisiwa. Piga simu Dar es Salaam asubuhi, plagi nne zitapakiwa kwenye basi na utazipokea stendi usiku. Zikishafungwa, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo acha injini ipoe kabisa, kwa kuwa nyuzi za hedi ya aluminiamu huharibika kirahisi zikiwa na joto, kisha chomoa plagi moja uitazame kwenye mwanga wa jua.