Usinipimie, Nitengenezee Tu

Mteja akija gereji na maneno hayo, ujue ana mnunuzi njiani. Mzee mmoja wa hapa Tanga aliniletea Land Rover 109 ya dizeli, kuukuu kuliko wanawe. Bomba la kupumulia lilikuwa linatema oili, injini yote imerowa. Alichotaka ni niunge mpira mrefu hadi nyuma ya chesi, oili idondoke huko isikoonekana, kisha nioshe injini. "Habari za ringi sitaki kuzisikia, mwanangu."

Oili haitoki pale kwa utundu. Kila mlipuko wa silinda hupenyeza moshi kidogo pembeni ya pistoni ukashuka kwenye sampo, na moshi huo lazima upate njia. Nilifungua kifuniko cha kupumulia juu ya kava la tapeti: nyavu za waya zilizomo zilikuwa donge jeusi, linanata vidoleni kama lami. Zikiziba hivyo, moshi husukuma oili popote penye udhaifu. Watu hubadilisha sili ya nyuma kila mara, na sili masikini haina kosa. Nikaziloweka nyavu hizo kwenye petroli, nikazipuliza kwa kompresa. Sili ikaacha kutiririka, ikabaki jasho tu. Halafu, kwa mazoea, nikawasha injini na kulegeza kifuniko cha kujazia oili. Kikarukaruka, moshi ukafuka kwa mapigo. Ringi za pistoni, zinazozuia moshi huo, zimekwisha. Mzee alikuwa ameshageukia barabarani, anahesabu bodaboda.

Je, mtu hubaki bila hatia kwa kukataa kujua?

Mzee alikuwa na hoja, na si ya ovyo. Amekaa darsani miaka mingi kunizidi. Sisi wa pwani wengi tumesomea fikihi ya Shafi, na katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, muuzaji anayeshurutisha kwamba haulizwi aibu yoyote, yaani kasoro, hapati kinga hiyo, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa; ya tumboni mwake nani atayajua? "Na injini ya zamani ni nini," akaniuliza, "kama si mnyama?"

Ng'ombe hana kifuniko cha kulegeza. Hilo ndilo jibu langu. Tena gari la zamani halifichi kitu. Magari ya baadaye hurudisha moshi wake ndani ukaungue upya, lakini hili huutoa nje, mbele ya macho ya kila mtu. Asiyejua hapa ni aliyegeuza uso. Na mpira ule mrefu, pamoja na kuosha injini, naona ni jamaa wa mnyama aliyefungwa chuchu ili aonekane ana maziwa tele, jambo ambalo Mtume alilikataza, akampa mnunuzi siku 3 za kumrudisha pamoja na pishi ya tende.

Hata tukikubali kwamba mzee hakujua, dhambi pengine ingemwepuka, lakini si gari. Aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiana humpa mnunuzi haki ya kurudisha, muuzaji awe alijua au hakujua. Kufumba macho kunamfaa kwa Mungu, kama kunamfaa, na hakumfai kitu sokoni.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mimi pia nimo. Wanazuoni hao hao wanasema mtu wa kando anayeijua aibu naye anawajibika kumweleza mnunuzi. Kwa hiyo nilipolegeza kile kifuniko nilijitwisha mzigo usio wangu, na kuna mafundi wenzangu ambao hawakilegezi ng'o, kwa sababu hiyo hiyo.

"Mpira siungi, mzee wangu," nikamwambia. "Na huyo mteja akija, nitamwonyesha."

"Na asipokuuliza?"

"Si lazima aulize."

Akanyamaza, akalipa ya kusafisha. Kisha akataka kujua seti ya ringi ni bei gani siku hizi, na kama mnunuzi anaweza kuchangia nusu.