Haki ya Paka



Dada mmoja mzaliwa wa Michenzani, Unguja, anayekaa sasa mjini London, aliingia katika Jumuiya yetu si zamani sana. Ameniandikia barua ambayo, nilipowasomea wanafunzi wangu chuoni, baadhi yao walicheka. Dada huyo anaye paka, na majirani wanamshauri amkatie bima ya matibabu. Jamaa zake wa Unguja walipopata habari walimwambia kuwa amekwisha kuwa Mzungu: mama yake mzazi anapanda ngazi za ghorofa huku ameshika magoti, naye anataka kumlipia paka daktari! Basi anauliza: Je, bima hiyo ni israfu? Je, ni kamari? Na akimwacha paka bila bima, atakuwa na dhambi?

Mimi sikucheka. Mtu aliyeingia katika dini juzi, naye anaogopa kumkosea Muumba wake hata kwa ajili ya paka, anastahili kujibiwa kwa heshima.

Tuanze na paka mwenyewe. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Anaam, inatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Mtukufu s.a.w. ametupa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa; hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie.

Angalia vema, ewe msomaji, mambo hayo mawili. Paka wa Michenzani, anayezunguka chini ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ameachiwa ajitafutie. Hula kichwa cha samaki mlangoni kwa huyu, akalala ngazini kwa yule. Lakini paka aliyefungiwa katika chumba cha London hana mlango wa pili wa kubisha. Aliyemfungia amejitwika chakula chake, maji yake na dawa yake. Kwa hiyo kumtibu si anasa, bali ni deni. Hata sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 inamwajibisha mwenye mnyama kumkinga na maumivu na maradhi.

Sasa deni hili litalipwaje? Wengine watasema: Mtegemee Mungu, basi. Lakini Mtume s.a.w. alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutegemea, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Bima ni kamba mojawapo ya kumfungia ngamia. Lililobaki ni kutazama kama kamba yenyewe ni safi.

Uislamu umeharimisha kamari na riba, na kila mkataba hupimwa kwa mizani hiyo. Watu wakichanga ili atakayepatwa na hasara asaidiwe, huko ni kusaidiana. Lakini mkataba wenye riba au bahati nasibu ndani yake haufai, hata ukipewa jina zuri. Basi dada yetu ausome mkataba wote. Atakuta kwamba kwa kawaida maradhi aliyokuwa nayo paka kabla ya bima hayalipiwi, kwamba sehemu ya gharama ataitoa mwenyewe, na kwamba ada hupanda kadiri paka anavyozeeka. Akiona shaka, amwulize mubalighi wake kabla ya kutia sahihi.

Tena ipo kamba ya pili, ambayo wazee wa Unguja waliijua kabla ya kampuni za bima: kibubu. Kila mwezi atie humo kiasi kile kile ambacho angelipa bima. Akiba haiozi, na paka asipougua, fedha ni zake. Upungufu wake ni kwamba ugonjwa mkubwa ukija mapema, kibubu hakitatosha.

Na mama je? Hapa jamaa zake wamesema neno la haki. Nilimwandikia dada yetu apange hivi: kwanza chanda, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya mapato yake, maana hiyo haingojei masazo; pili mama yake; kisha paka. Haki ya paka isiile haki ya mama. Lakini pia haki ya mama isifanywe kisingizio cha kumwacha kiumbe aliyefungiwa afe kwa maumivu. Na jamaa wanaomlaumu wajiulize: je, wao humpandishia mama huyo maji na dawa?

Kama hawezi bima wala kibubu, asikate tamaa. Huko London, mwaka 1917, mwanamke aitwaye Maria Dickin alianzisha zahanati ya kutibu wanyama wa maskini, na shirika lake, PDSA, lingali linafanya kazi. Hata hilo likishindikana, ampe paka huyo mtu atakayeweza kumtunza. Kumtoa kwa wema ni bora kuliko kumfungia bila dawa.

Ndugu msomaji, dini ina haki za Mwenyezi Mungu na haki za viumbe Vyake. Wengi huzitimiza hizi za pili mbele ya wanaoweza kushukuru au kulalamika. Paka hawezi lolote katika hayo. Anayemwona usiku, chumbani, pamoja na paka mgonjwa, ni Mwenyezi Mungu peke Yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa kila aliyewekwa chini ya mikono yetu. Amin.