Mgeni na saa ya wenyeji: safari ya polepole katika milima ya Gitega

Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Gitega ina urefu wa kilomita 100 hivi. Inaanzia kwenye joto na michikichi ya ufukwe wa Ziwa Tanganyika, inapanda hadi Bugarama, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka kupitia Muramvya mpaka Gitega, mji wa vilima na ubaridi ambao tangu 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Kimila, watu wa milima hii hawakujenga kwa kukusanyika vijijini. Kila rugo, yaani boma la familia, lilikaa kwenye mteremko wake katikati ya migomba, na jirani akaishi upande wa pili wa bonde. Nchi ya namna hii haionekani kutoka dirishani mwa gari, kwa hiyo mgeni anashauriwa aende polepole. Ushauri huo una swali ndani yake: je, mwendo wa polepole ni wema wenyewe, au ni raha ya mwenye nafasi?

Kwa sura yake ya leo, wazo hilo lina asili Italia. Mwaka 1986 Carlo Petrini na wenzake walipinga mgahawa wa McDonald's uliofunguliwa karibu na Piazza di Spagna, Roma, wakaanzisha harakati ya kutetea chakula cha taratibu. Baadaye fikra hiyo ikaingia katika miji, kisha katika utalii: kaa mahali pamoja, tembea kwa miguu, kula kinacholimwa hapo. Ni mashauri mazuri. Udhaifu wake ni kudhani kwamba anayekwenda taratibu huwa mwema kwa sababu hiyo.

Historia ya Burundi inaikataa dhana hiyo waziwazi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyeingia nchini mwaka 1892, alifika kwa miguu pamoja na wapagazi na askari wenye bunduki. Watu wengi walimlaki kwa shangwe, wakimdhania kuwa mfalme wa jina la Mwezi aliyerejea. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe wa jeshi la Wajerumani naye aliivuka milima hii kwa miguu, akamlazimisha Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo kukubali mkataba wa Kiganda. Kabla yao, Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, alijaribu kupenya kutoka upande wa ziwa, na misafara ya watumwa wa zama zake ilikwenda pwani hatua kwa hatua, miezi kwa miezi. Wote hao walipata muda wa kutosha kukitazama kila kilima. Walikitazama kama mali.

Pingamizi la pili liko barabarani hadi leo. Mwanamke anayepanda mlima na mzigo wa mihogo kichwani huenda taratibu kuliko mtalii yeyote, na yeye hakuuchagua mwendo huo. Petroli inapoadimika, kama ilivyotokea mara nyingi miaka ya karibuni, umati mzima hutembea kwa sababu gari halipo. Vijana wa baiskeli wanaoshuka na ndizi kwenda Bujumbura hurudi mlimani wakiwa wamejishikiza nyuma ya malori, huku roho zao zikiwa hatarini, kwa kuwa wanaihitaji kasi ile ambayo mgeni anaikimbia. Kuwapiga picha na kuiita hali yao maisha yenye utulivu ni kuwadhulumu.

Basi wema wa safari hautafutwi katika kasi. Kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli ni hiki: saa inashikwa na nani, mgeni au mwenyeji?

Gishora, kilima kilicho kilomita chache kutoka Gitega, inafundisha hilo kwa uzito wake. Hapo ndipo zilipotunzwa ngoma za kifalme, na koo za watimbo zikarithishana kazi ya kuzipiga. Ngoma huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Zamani haikusema kwa kuombwa na mpita njia. Ilimfuata Mwami, na kilele chake kilikuwa umuganuro, sherehe ya kufungua msimu wa kupanda mtama. Mtama ndio ulioshika saa. Umuganuro ulikoma chini ya ukoloni wa Wabelgiji, na ngoma yenyewe ikaingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Siku hizi mgeni hulipa, watimbo wakajipanga na kupiga. Malipo si aibu, maana watimbo wana familia za kulisha. Lakini anayekaa Gishora saa nzima bila kuuliza habari za mtama amekwenda haraka, hata kama alifika kwa miguu.

Dini zinazofuatwa katika eneo hili zimelitafakari jambo hili la mwendo na ugeni kwa undani kuliko vitabu vya utalii. Kwa Wakatoliki kuna Mugera, misheni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1899, ambako waumini huhiji kila tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mwanateolojia Mjapani Kosuke Koyama aliandika kwamba Mungu huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, maili 3 kwa saa. Ni fikra nzuri, ila Injili ya Luka inaisogeza mbele zaidi. Wanafunzi wawili wa Emau walitembea na Yesu njia nzima wasimtambue. Walimtambua mezani, baada ya kumsihi akae nao kwa kuwa jua limekuchwa. Njia iliwaandaa, lakini macho yalifunguka katika kukaribisha.

Katika Uislamu, sura ya Al-Furqan inapowaeleza waja wa Mwingi wa Rehema, inaanza na namna wanavyotembea juu ya ardhi: kwa unyenyekevu, na wakisemeshwa na wajinga hujibu kwa salama. Wafasiri walitahadharisha kwamba huko si kujikokota, kwani Mtume mwenyewe alisifiwa kutembea kwa nguvu, kama anayeshuka mteremko. Kinachokatazwa ni majivuno.

Sheria ya Kiislamu pia imeuwekea ugeni mipaka. Kwa Hadithi, haki ya mgeni kukirimiwa ni siku 3. Zaidi ya hapo ni sadaka, na haifai akae hadi amtie mwenyeji wake dhiki. Waswahili wamebana zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutajwa kama kitisho kwa wageni wazito, ilhali ina heshima kubwa ndani yake, maana mwenye jembe amehesabiwa kuwa mtu wa pale. Katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena. Ruhusa ya kupunguza swala humwondokea, na wajibu wa mkazi humrudia.

Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, yenye Waislamu wengi na Kiswahili kinachosikika sokoni, ni mahali pa kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi. Aliyetoka Bujumbura akielekea mpakani Kobero, akisimama hapo saa moja tu, anaruhusiwa kuswali adhuhuri rakaa 2 akiwa peke yake. Akiingia msikitini na kusimama nyuma ya imamu ambaye ni mkazi, anaswali 4: hapo saa inashikwa na mwenyeji.