Ukimya wa Mji wa Theluji

Je, yafaa mtu aufurahie ukimya uliotokana na upungufu wa wenzake? Swali hili, wasomaji wapenzi, lamngoja kila aendaye kutembea Tsunan, mji mdogo wa wakulima katika mkoa wa Niigata, nchini Japani, wakati wa majira ya baridi.

Pepo zitokazo Siberia huvuka Bahari ya Japani zikichukua unyevu, kisha hukutana na milima na kuumwaga kuwa theluji. Mwezi wa Februari 2006 theluji ya Tsunan ilizidi kina cha mita 4. Madirisha ya chini huzikwa, wala kishindo cha mguu hakisikiki, maana theluji humeza sauti. Mtu wa Tokyo aliyechoshwa na msongamano hufika pale, akashusha pumzi, akasema: Hapa ndipo penye amani.

Asema kweli, lakini nusu yake. Ukimya ule si kazi ya theluji peke yake. Vijana wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi, na katika waliobaki wazee ni wengi. Nayo theluji ikirundikana juu ya paa sharti ishushwe, la sivyo nyumba italemewa. Basi mzee hupanda mwenyewe na beleshi lake. Katika majira yale ya baridi ya 2005 hadi 2006 watu 152 walifariki Japani kwa ajili ya theluji. Wengi walikuwa wazee, tena wengi walikuwa katika kazi hiyo ya kuiondoa.

Wako wasemao kwamba mgeni hana kosa: si yeye aliyewaondoa vijana, tena fedha yake yaisaidia nyumba ya wageni. Hayo twayakubali. Kupenda utulivu si dhambi. Ila kumwambia mwenyeji, “Una bahati kukaa penye kimya namna hii,” ni kukisifu kiti kitupu mbele ya mzazi amngojaye mwanawe. Afadhali aulize kwanza: Paa hili hupandwa na nani?

Wala asidhani kwamba wenyeji hulia tu. Theluji hiyohiyo ikiyeyuka huyanywesha mashamba ya mpunga. Tena wako wakulima wa Tsunan waziachao karoti ardhini, zikae chini ya theluji majira yote ya baridi. Huzichimbua Machi na Aprili, nazo huwa zimezidi utamu. Mgeni wa Februari hazioni. Hupita kando ya shamba, akiusifu weupe wake.