Subira na Dawa ya Maumivu

Wako ndugu zetu wadhanio kuwa mzee atakayetolewa nyonga iliyolika akatiwa ya chuma, akiomba dawa ya maumivu, amepungukiwa na subira. Hutoa mfano wa Urwa bin Zubeir, aliyesimuliwa kuwa alikatwa mguu akakataa kunyweshwa kileo. Sisi twasema: mfano ni mwema, lakini haukufahamiwa. Urwa alichelea kupotewa na akili asimkumbuke Mola wake. Matibabu hakuyakataa, kwani msumeno aliukubali.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Na aliyebadilishwa nyonga hutakiwa asimame na kutembea siku ile ile au ya pili yake. Asipotulizwa maumivu hulala tu, na damu huweza kuganda miguuni ikamwua. Basi subira ni ipi: kulala ukiugua, au kumeza dawa ukanyanyuka?

Hata dawa kali ya jamii ya afyuni, dharura huihalalisha kwa kadiri yake, kwa amri ya tabibu. Dharura ikiondoka, nayo iachwe. Kuizidisha ni kujidhuru, na kumnyima mgonjwa ni dhulma. Wallahu aalam.