Uzi wa Kabatini

Hapa Whitehall, mashariki mwa Columbus, Ohio, hakuna anayeuliza blanketi ni la nini, Januari inajibu. Swali langu ni la kabati. Madonge ya uzi yanaongezeka haraka kuliko ninavyofuma. Akiba haiozi, tuliambiwa Mombasa. Lakini Suratut Takathur inaonya kwamba kushindana kwa wingi huwashughulisha watu mpaka makaburini. Basi akiba inageuka lini kuwa uroho?

Naona mpaka hauko kwenye hesabu, uko kwenye nia. Suratun Nahl, aya ya 92, inamfananisha mvunja ahadi na mwanamke anayefumua uzi wake baada ya kuusokota madhubuti. Kwangu mimi mfumaji, kufumua kwenyewe si kosa: safu ikipinda navuta, naanza upya. Kinachonitisha ni uzi usioahidiwa mtu. Kwa hiyo kila donge nalifungia kikaratasi: la samawati ni la mtoto wa jirani Mkongo, la kahawia ni la sofa yetu. Lisilo na jina nampa mfumaji mwingine kabla sijanunua jipya. Sadaka hiyo hainipunguzii kitu. Inanipunguzia maswali ya Kiyama.